Shangazi, nimpeleke wapi mke wangu tukale wawili bila mama mkwe kununa?

BARUA

Shangazi shikamoo. Mimi ni baba wa watoto wawili, naishi Kimara, mke wangu ni Mnyakyusa wa Tukuyu, na siyo Tukuyu mjini, ni kule ndani ambako ukishuka kwenye lami unachukua bodaboda unapita migombani mpaka unasahau ulikotokea. Mwezi wa saba tunatimiza miaka saba ya ndoa, tumepanga kwenda kwao na kagari ketu kadogo, watoto tunawaacha kwa dada yangu, maana tangu tuzae hatujawahi kukaa wawili tukamaliza hata stori moja bila mtu kudai maji ya kunywa.

Sasa shangazi mimi nataka siku moja tu kwenye hiyo safari nimpeleke mke wangu mahali pazuri, tukae, tule, tuongee. Kendo laiti kabisa. Lakini naogopa, na sababu ya kuogopa ni hii.

Mwaka juzi tulienda, ilikuwa mwezi wa nne. Nikajifanya mjanja nikamwambia leo jioni vaa vizuri usiniulize tunaenda wapi. Nilikuwa nimeona picha za sehemu moja kwenye simu, ina bustani, ina taa za rangi, nikasema hapa hapa. Nikakodi gari ya jirani na dereva wake. Mke wangu akavaa gauni lile la mikono mifupi na sendo, akapendeza aisee, tukatoka. Tumefika saa mbili usiku mvua inanyesha, ile ya Tukuyu ambayo haina haraka, inanyesha kama imelipwa kwa siku. Bustani ndo hivyo tena haikaliki, tukaingia ndani, ndani ni baa, watu wameangalia mpira wanapiga kelele. Dada akaleta menyu ina kurasa sijui ngapi. Samaki? Hakuna. Mbuzi? Ameisha. Piza? Dada akacheka, siyo kwa dharau, alicheka tu. Nikamuuliza sasa kipo nini, akasema kuku. Haya leta kuku. Baada ya dakika kama kumi tukasikia huko nyuma kuku anakimbizwa. Shangazi sitanii, alikuwa anakimbizwa kwenye mvua na watu wawili.

Nilikuwa na mshumaa mfukoni nimeununua dukani kwa Mangi, nikauchomeka kwenye chupa ya soda, kila mtu akifungua mlango unazimika. Mke wangu anatetemeka mpaka dereva akamwonea huruma akampa koti lake, koti linanuka dizeli. Kuku alikuja saa tano kasorobo usiku, mgumu, ukimvuta naye anakuvuta.

Hiyo siyo mbaya. Mbaya ni tuliporudi. Mama mkwe hajalala, amekaa jikoni kwenye moto, ameivisha ndizi na maharage, ameweka na kuku wake pembeni amemfunika, anatusubiri. Akauliza mmekula? Mke wangu akasema tumekula mama. Akafunika sufuria, akasema "haya." Neno hilo moja tu. Kesho yake nikasikia kwa chini chini kwamba mkwe anaona chakula cha kwetu hakimfai, anampeleka mtoto wetu akale kwa watu wakati kwao kupo. Mke wangu hakuniongelesha mpaka tunafika Makambako.

Washikaji wananiambia achana na huko nenda Zanzibar, kule shamba kuna mahaba gani, mtaangalia viazi? Na mimi nimejiuliza, kweli mikoa ya kilimo kama hiyo kuna mahali mtu na mke wake wanaweza kukaa wakala vizuri? Hela yangu ni ya kawaida, siyo ya kulala hoteli za watalii wiki nzima. Na nimfanyie tena sapraizi au niache? Nisaidie shangazi.

Baba Wawili, Kimara

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Nimecheka hapo kwenye kuku nikapaliwa na chai, unisamehe, halafu nikafika kwa mama mkwe na ile "haya" yake kicheko kikakata. Mimi naishi Uyole hapa Mbeya, hiyo "haya" naijua. Afadhali angekugombeza.

Nianze na huyo mama kwanza maana umemweka mwishoni kama jambo dogo. Nyumbani kwa wakwe huku kwetu hakuna kitu kinaitwa "tumetoka kidogo kwenda kula." Chakula ndo mazungumzo yenyewe. Mama amesikia mtoto wake anakuja, huyo kuku amemchagua wiki nzima kabla hamjatoka Kimara, mkungu ameutega uive siku hiyo hiyo, halafu mnavaa mnaondoka saa moja jioni, na majirani wanaona. Wewe uliona unampenda mke wako, yeye aliona umemwambia jiko lake ni chafu. Sasa hata ningekutajia hoteli nzuri kuliko zote pale Tukuyu, ukiwa umelala kwa mama mkwe usiende. Hiyo siku yenu wawili iwe kabla hujafika kwake au baada ya kuaga, ukiwa kwake kula kwake, na kula uongeze.

Na bahati yako ni kwamba umepanga kuja na gari, maana njia yenyewe ina sehemu. Kutoka Dar mpaka Mbeya ni kilometa zaidi ya 800, nani amekwambia uzimalize kwa siku moja? Wanaume mna ugonjwa wa kufika. Mke kakaa siti ya mbele masaa kumi na nne anakula mahindi ya dirishani, mkifika miguu imevimba, halafu eti mahaba.

Fanya hivi. Ondokeni Kimara saa kumi na moja alfajiri, Mikumi pale ndani ya hifadhi tembea taratibu kwa sababu ya tochi na kwa sababu ukigonga mnyama unalipa, Ruaha Mbuyuni utanunua vitunguu, utapanda Kitonga nyuma ya malori, hapo hamna ujanja utavumilia tu. Ilula usinunue nyanya, utanunua ukirudi. Iringa mjini mnapita mchana. Kama mna njaa, panda mjini muulize Neema Crafts, wana mgahawa wao, wahudumu wengi ni viziwi, unaandika oda yako kwenye karatasi na unajifunza alama mbili tatu. Nilikaa pale siku moja na wifi yangu, mezani jirani kulikuwa na kijana na binti wamekuja wamenuniana, wameanza kuiga zile alama za mikono kuombana chumvi, mpaka wanaondoka wanacheka. Kahawa yao ni nzuri na keki pia.

Halafu endelea mbele kama kilometa 50 hivi njia ya Mafinga, utakuta Kisolanza, kibao kipo barabarani. Hiyo ndo ningekupeleka mimi. Ni shamba, shamba kweli, lina ng'ombe na mboga, wana nyumba za kulala za bei tofauti na kuna mpaka sehemu ya kupiga hema, kwa hiyo usiogope jina, piga simu uulize bei inayokufaa. Chakula cha jioni pale kinaliwa kwa mshumaa, na siyo mshumaa wa kwa Mangi kwenye chupa ya soda! Vingi vinavyokuja mezani vimetoka hapo hapo shambani. Mwezi wa saba usiku ni baridi kali, pale mko juu zaidi ya mita 1,600 na upepo wa Iringa unaujua au huujui? Huujui. Mbebee mke wako sweta, soksi na kitenge kizito, viweke kwenye kibegi cha karibu siyo chini ya buti, ili akisema tu nasikia baridi unanyoosha mkono. Mwanangu, mwanamke aliyewahi kupewa koti la dizeli atakumbuka hiyo sweta kuliko chakula.

Kama Kisolanza imejaa au bei imekuzidi, lala Iringa mjini gesti ya kawaida, saa kumi na moja jioni pandeni Gangilonga. Ni jiwe kubwa juu ya mji, jina lake kwa Kihehe ni jiwe linaloongea, wazee wanalihusisha na Mkwawa. Mji wote unaonekana chini, jua linazama, mnashuka mnakula mishikaki na ndizi za kuchoma mjini. Hela hiyo ni ya kawaida kabisa.

Kuna na Mufindi, ukifika Mafinga unakata kushoto unaingia kwenye chai mpaka macho yanachoka na kijani, huko kuna lodge ya familia moja ya wakulima inaitwa Mufindi Highland Lodge, chakula cha shambani, moto wa kuni sebuleni. Pazuri sana, ila barabara ni ya vumbi na ukungu, na kagari kako umesema kadogo, na bajeti yako umesema ya kawaida. Weka akiba, mwende mkitimiza kumi.

Sasa tuje kwa yule kuku, maana hapo ndo kosa lako la pili na wengi wenu mnalifanya. Mnakuja mikoa ya huku na akili ya Dar, kwamba unaingia, unakaa, unafungua menyu, unachagua. Huku menyu ni mapambo. Mwenye hoteli ameiandika siku anafungua biashara, ameandika kila kitu anachojua kupika, siyo alichonacho leo. Wateja wa usiku ni wachache, akichinja mbuzi leo bila oda atamla mwenyewe na watoto wake. Kwa hiyo huku chakula kizuri hakipatikani, kinaagizwa. Unapiga simu asubuhi, au jana yake kabisa. Unaongea na mpishi, siyo na kaunta, mwambie dada wa kaunta nipe mpishi. Unamuuliza leo sokoni kuna nini? Atakwambia. Kuku wa kienyeji yupo? Yupo. Basi mchinje saa nne asubuhi, umchemshe taratibu na tangawizi, mimi nafika saa saba. Kuku wa kienyeji anataka saa moja na nusu mpaka mbili jikoni, hapo keshakamatwa na keshanyonyolewa. Yule wenu aliyekamatwa saa mbili na robo usiku kwenye mvua kuja kwenye saa tano kasorobo, mimi nasema alijitahidi.

Tuma na advansi kwenye simu, nusu hivi, utaona heshima inavyobadilika. Na ukiwa bado kwenye simu muulize mambo matatu haya haya: muziki mnaweka? Televisheni iko wapi? Umeme ukikatika mnafanyaje? Hapo usione aibu kusema kwamba ni siku yangu ya ndoa. Watu wa huku ukiwaambia hivyo watakutandikia kitambaa cha mezani cha harusi ya mtoto wao. Ila angalia ratiba ya ligi, siku ya Simba na Yanga hakuna mshumaa utakaokusaidia nchi nzima.

Umeona nimesema saa saba mchana? Hilo nalo. Nani alikwambia mahaba ni usiku? Rungwe usiku ni ukungu, baridi, barabara ina kona na malori ya mpakani, na hicho ulichokuja kukiona hukioni. Milima haionekani usiku, mwanangu. Chakula cha mchana ndo chakula cha wapenzi huku. Mnakula bustanini jua likiwa limetoka, mnaangalia chai imetandazwa kama mkeka, mnashuka kutembea, saa kumi na mbili mko nyumbani kwa mama na tumbo lina nafasi.

Ila kama roho yako imeng'ang'ania jioni ya mshumaa upande huu wa Mbeya, basi shuka Matema. Hapo sikatazi. Tukuyu mko juu kwenye mita kama 1,500, Matema ni ziwani kwenye kama 475, kwa hiyo mwezi wa saba Tukuyu mnatetemeka lakini Matema mtu anakaa nje usiku na kijishati. Unapita Ipinda kwenye mashamba ya mpunga na kakao, unakuta mchanga, Ziwa Nyasa lile pale, na Milima ya Livingstone imesimama upande wa mashariki kama ukuta, asubuhi jua linachelewa kutoka kwa sababu yake, ila jioni linazama upande wa pili mnaliangalia mpaka linaisha. Mtakula wali wa Kyela, ule ukipikwa nyumba ya tatu wanajua, na samaki aliyetoka majini siku hiyo. Ulizia mbasa, kama yupo usiulize bei sana, chukua. Hapo pia agiza mapema, wavuvi wanarudi asubuhi na samaki mzuri hangoji jioni. Baadhi ya sehemu za kulala ni za kanisa, kwa hiyo kama mnapenda bia uliza kwanza usije ukaaibika. Na mletee mama mkwe chungu cha Wakisi, wanafinyanga akina mama huko huko pwani ya ziwa, wana soko lao Jumamosi jirani na Matema. Chungu, siyo kanga. Kanga analetewa na kila mtu.

Ratiba yako naiona hivi: Kisolanza mkija, kwa mama siku zote mlizopanga, mnaaga, mnashuka Matema usiku mmoja, chungu mnampitishia mkipanda, mnakunywa chai ya kuagia mara ya pili, mnarudi. Ukibaki na nguvu na hela kidogo mkiwa njia ya kurudi, kuna Utengule Coffee Lodge upande wa Mbalizi, ipo katikati ya shamba la kahawa chini ya milima, mwezi wa saba kahawa ndo inachumwa nyekundu mtini. Kwako ni kurudi nyuma maana wewe ukitoka Uyole unakata kulia kwenda Dar, kule ni kushoto unapita Mbeya mjini yote na foleni ya Mafiat. Mimi kahawa ya pale naipenda ila kwa safari hii ningeiacha.

Kuhusu sapraizi. Mwanangu, mke wako alishakwambia hataki tena, au hujasoma barua yako mwenyewe? Hapana bwana, ngoja, hukuandika hivyo. Umeandika hakuongea mpaka Makambako. Ni kilomita nyingi sana hizo za kunyamaza, na mimi nazisoma hivyo. Mwambie. Kaeni jioni moja hapo Kimara watoto wakilala, mwambie nataka kukupeleka mahali, kuna Kisolanza na kuna Matema, tuanze na ipi? Yeye ni mtu wa huku, pengine ana mahali pake anapajua tangu shule, kwamba pale tulikuwa tunapita tunaona watu wamekaa wanakunywa soda tukasema na sisi tukikua. Hujawahi kumuuliza. Marehemu mzee wangu hajawahi kunipeleka kwenye mshumaa hata siku moja, lakini kila tukitoka Mbeya kwenda kwao alikuwa anasimamisha gari Isyonje kwenye ukungu, anaagiza viazi vya kuchemsha na chai ya maziwa kwa mama mmoja, kwa sababu siku ya kwanza kabisa nilisema nimevipenda. Mama yule akituona tu anamenya.

Ukibakiza kitu cha kumshangaza, mshangaze mama. Siku ya pili pale nyumbani amka mapema, nenda gulioni na shemeji yako, nunua nyama, mwambie mama leo naomba nipike mimi. Atakataa, atacheka, atawaita majirani waje waone mwanaume wa Dar anapika. Pika pilau, wewe si mtu wa pwani? Hata ikiungua. Hiyo ndo itafuta ile "haya."

Na siku ya kuondoka utapewa mkungu wa ndizi, parachichi kiroba, pengine na kuku hai amefungwa miguu. Usiseme gari dogo mama. Pakia. Utomvu wa ndizi kwenye siti hautoki, kwa hiyo tandika gunia kwanza, na huyo kuku mkae naye mbele mpaka Makambako.

Shangazi